Nani Alianzisha Kanisa Letu? Kibao cha Mlangoni, Kumbukumbu za Wazee na Mfano wa Bagamoyo

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei katika kigango kidogo (kituo cha sala kilicho chini ya parokia) kilichomo kwenye eneo lililokuwa chini ya misheni ya zamani ya Bagamoyo. Tunajiandaa kuadhimisha miaka 90, kwa sababu kibao kilicho juu ya mlango wa kanisa letu la zamani kinasema lilianzishwa 1936, na kinataja jina la padre mmoja Mzungu. Wazee wetu wanakataa. Wanasema kabla ya padre huyo alikuwepo katekista, mtoto wa watu waliokombolewa utumwani, aliyefundisha sala chini ya mwembe, na bibi mmoja anashikilia kwamba baba yake alibatizwa kabla ya mwaka huo. Tulikwenda hija Bagamoyo ili tupate mwanga, tukarudi tumechanganyikiwa zaidi: mwenyeji mmoja alituambia kwamba Mnara wa Livingstone ni kanisa lililojengwa na Livingstone mwenyewe, na kwamba ndilo kanisa la kwanza Afrika Mashariki. Je, nani hasa huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa kanisa? Tutumie mwaka upi? Vitenge vinasubiri kuchapwa, na kamati ya ujenzi inataka kulibomoa kanisa la zamani mara tu baada ya jubilei.

Jibu: Milele, amina, ndugu katibu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba nyuma ya suala la mwaka kuna hofu nyingine ambayo hukuitaja waziwazi. Mkiuacha mwaka wa kibao, mtaonekana mnamkana padre aliyejenga. Mkiushika, mtakuwa mmemzika mara ya pili yule katekista wa chini ya mwembe. Nikutoe hofu mapema: inawezekana kabisa kwamba kibao kinasema kweli na wazee pia wanasema kweli, kwa kuwa neno "kuanzishwa" katika historia ya Kanisa hubeba mambo manne au matano yasiyotokea siku moja, na mara nyingi hayatokei hata katika kizazi kimoja. Mkanganyiko mlioupata Bagamoyo unatokana na jambo hilohilo, kwa hiyo tuanzie huko, kisha turudi kijijini kwenu.

Kwanza tumtoe Livingstone kwenye orodha ya wajenzi. David Livingstone alikuwa Mprotestanti kutoka Uskoti, aliyeingia Afrika kwa mara ya kwanza akitumwa na shirika la kimisionari la London. Safari yake ya mwisho aliianzia Mikindani mwaka 1866, wakati misheni ya Bagamoyo ilikuwa bado haijazaliwa, naye hakurudi pwani akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiwemo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukapokewa na mapadre wa misheni na kuhifadhiwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey Aprili mwaka huohuo. Mnara ule, basi, ni mnara wa kanisa la kwanza la misheni, na Livingstone aliufikia akiwa maiti. Jina lake liliganda pale kwa sababu ya wageni waliokuja kuuliza habari zake. Sina ugomvi na jina hilo, lakini naomba kamati yenu ilitazame kwa makini, kwa sababu linaonyesha jinsi jengo linavyoweza kubeba jina la mtu maarufu aliyepita, huku majina ya waliochanganya chokaa na kubeba mawe yakikosa mahali pa kuandikwa. Kibao chenu huenda kimefanya kosa dogo la aina hiyohiyo.

Dai la pili, kwamba hilo ni kanisa la kwanza Afrika Mashariki, lina ukweli ndani yake lakini limenyooshwa kupita kiasi. Wareno walikuwa na mapadre pwani hii zaidi ya karne tatu kabla. Wafransisko walifika Kilwa pamoja na meli za Kireno mwaka 1505, na Waagustino walifungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597. Huko Mombasa kulikuwa na jumuiya ya Kikristo yenye Waafrika ndani yake, mpaka mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa na kuitwa Jerónimo, alipowageukia Wareno, na Wakristo wengi wakauawa. Hata katika kipindi kipya, yaani karne ya kumi na tisa, Unguja iliitangulia Bagamoyo kwa zaidi ya miaka saba. Kauli iliyo salama ni hii: Bagamoyo ni misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya kipindi kipya iliyodumu katika bara la Afrika Mashariki. Ni sentensi ndefu, haipendezi kwenye fulana, lakini hakuna atakayeweza kuivunja.

Sasa tuje kwa waanzilishi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo jibu lako lilipo. Ukiuliza nani alianzisha Bagamoyo, wengi watakujibu kwa jina moja: Padre Antoine Horner. Jibu hilo si la uongo. Horner, mzaliwa wa Alsace na padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekuwa amewahudumia wakoma katika kisiwa cha Réunion, alifika Unguja mwaka 1863 pamoja na Padre Etienne Baur na mabruda. Kutoka Unguja ndiko alikovuka Machi 1868 kwenda kuanza misheni Bagamoyo. Lakini alipofika Unguja hakukuta uwanja mtupu. Desemba 1860 alikuwa ametangulia Padre Armand Fava, aliyetumwa na Askofu Maupoint wa Réunion, akiwa na mapadre wenzake na masista wa shirika la Binti za Maria. Walifungua hospitali na mafunzo ya ufundi, wakaanza kuwalea watoto waliotolewa utumwani. Fava baadaye alirudi Ufaransa na kuwa askofu wa Grenoble, na huko Bagamoyo ni wachache wanaomtaja.

Hao masista wanastahili maneno mengi zaidi ya wanayopewa kwa kawaida. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo Desemba 1848, na tangu mwanzo lilipokea wanawake weupe pamoja na wanawake weusi waliotoka kuwa huru. Fikiria maana yake kwa msichana aliyetolewa kwenye soko la watumwa la Unguja, anapopokewa na sista ambaye huenda yeye mwenyewe, au mama yake, aliwahi kuwa mali ya mtu. Katika vibao vingi nilivyovisoma katika makanisa ya zamani ya eneo letu, mapadre hutajwa kwa majina na miaka yao, mabruda hutajwa mara mojamoja, na masista huandikwa "masista" tu, kwa jumla, kana kwamba walikuwa samani za nyumba.

Wapo pia waliotoa ruhusa. Misheni haikuwekwa Bagamoyo kwa nguvu. Ilihitaji ridhaa ya Sultani Majid bin Said, aliyetawala kutoka Unguja, na mazungumzo na wakuu wa mji ambao wote walikuwa Waislamu. Sababu ya kuvuka ilikuwa ya kawaida sana: Unguja ardhi ilikuwa finyu na ghali, ilhali Horner alitaka mashamba ya kuwalisha mamia ya watoto na watu wazima, na mahali pa kuanzia njia ya kwenda bara. Bagamoyo ilikuwa ncha ya njia ya misafara iendayo Tabora na Ujiji. Kwa hiyo mwanzo wa misheni ulikuwa jembe na minazi, na kanisa la mawe lilikuja baadaye.

Na wapo waliokuwa wengi kuliko wote, yaani wale waliokombolewa. Walilima, walichoma chokaa, walijenga, wakaoana na kuishi katika kijiji cha Kikristo cha misheni. Hapa inafaa tuseme kweli hata pale inapouma. Watoto wa kwanza walikombolewa kwa kununuliwa sokoni, na tangu wakati ule palikuwa na waliouliza kama fedha hiyo haikuwa inaulisha mfumo uleule uliokuwa ukipigwa vita. Baadaye, hasa baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja, wengi waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa. Maisha ya kijiji cha misheni yalikuwa na ratiba kali, kazi nyingi, na ndoa ambazo mapadre walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Si uhuru kama tunavyouelewa leo. Hata hivyo, kutoka humo walitoka wanaume na wanawake walioandamana na mapadre kwenda bara, wakiwa walimu, wakalimani, waashi na waongozaji wa sala. Misheni ya Mhonda katika milima ya Nguru ilipoanzishwa 1877, familia za Kikristo kutoka Bagamoyo ndizo zilizokuwa kiini chake. Hadithi ya wazee wenu kuhusu katekista aliyezaliwa na watu waliokombolewa inaingia moja kwa moja katika mkondo huo. Hilo pekee halithibitishi kwamba ni kweli, ila linaonyesha kwamba haiwezi kupuuzwa kama ngano za vijiweni.

Ona sasa jinsi Bagamoyo yenyewe ilivyo na miaka mingi ya "kuanzishwa". Misheni ilianza 1868. Kanisa la mawe lenye ule mnara huhesabiwa tangu 1872, mwaka ambao pia, mwezi Aprili, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo na kuharibu majengo ya misheni. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Kwa upande wa utawala, eneo lote lilifanywa vikarieti (eneo la kimisionari lisilofikia bado kuwa jimbo) ya Zanguebar mwaka 1883, sehemu yake ikatengwa na kuitwa vikarieti ya Bagamoyo mwaka 1906, nayo ikageuka kuwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953, na mwaka 2025 Bagamoyo ikapata jimbo lake yenyewe. Mtu anayeuliza "Bagamoyo ilianza lini" anaweza kupewa majibu mengi, yote sahihi, kutegemea anauliza kuhusu watu, jengo au ofisi.

Tuyahamishie hayo kwenu. Kigango huanza mara ya kwanza pale watu wanapokusanyika kusali kwa mfululizo, hata kama ni chini ya mwembe na hata kama hakuna padre. Huanza mara ya pili pale padre wa misheni mama anapokiandika kuwa kituo anachokitembelea. Huanza mara ya tatu jengo la kudumu linaposimamishwa, na mara ya nne jengo hilo linapobarikiwa au kutabarukiwa na kupewa somo wake, yaani mtakatifu ambaye jina lake likishatolewa kwa kutabaruku halibadilishwi kwa matakwa ya kamati. Kama siku moja mtafanywa parokia, kwa hati ya askofu, mtakuwa na mwanzo wa tano. Kibao kilichowekwa ukutani kwa kawaida huzungumzia mwanzo wa tatu au wa nne, ilhali wazee huzungumzia ule wa kwanza. Kosa linaingia pale neno "lilianzishwa" linapoandikwa mahali ambapo mwashi alipaswa kuandika "lilijengwa".

Mtajuaje? Ushahidi wenu mkuu uko ndani ya daftari la ubatizo la misheni mama, kitabu kirefu cha jalada gumu ambacho pengine kimelala kabatini katika ofisi ya parokia. Kila parokia inawajibika kisheria kutunza madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo, na ya zamani zaidi yanatakiwa kuhifadhiwa kwa uangalifu wa pekee. Katika vitabu vya zama zile mistari imeandikwa kwa Kilatini: namba, siku ya ubatizo, jina, wazazi, mahali wanapotoka, msimamizi, na aliyebatiza. Msianze kutafuta jina la kanisa lenu, kwa sababu huenda halikuwepo. Tafuteni jina la kijiji katika safu ya mahali, mkirudi nyuma mwaka baada ya mwaka kutoka 1936. Mara ya kwanza kabisa jina la kijiji chenu linapotokea ndipo mwanga wa kwanza wa maandishi unapowaangukia. Yakitokea majina matano, sita, kumi kwa siku moja, mjue kwamba palikuwa na kundi lililofundishwa kwa muda mrefu, kwa kuwa mapadre wale walikuwa wakali kuhusu ukatekumeni, na kwa kawaida mtu mzima hakubatizwa kabla ya miaka kadhaa ya mafundisho.

Kisha tazameni safu ya msimamizi na ya aliyebatiza. Katekista hodari hujitokeza hapo bila kujua. Jina lake hurudiarudia kama msimamizi wa watu wengi wasio ndugu zake, na penye maneno "in periculo mortis", yaani katika hatari ya kufa, mara nyingine utamkuta yeye ndiye aliyebatiza, kwa kuwa padre alikuwa mbali na mgonjwa hakuweza kungoja. Mstari mmoja wa aina hiyo, ukiwa na jina la kijiji chenu na tarehe iliyo kabla ya 1936, utawapa wazee wenu haki yao kwa wino wa mapadre wenyewe. Na baba wa yule bibi, kama kweli alibatizwa, ana namba humo; ulizeni kama familia imetunza cheti chake, kwa sababu vyeti vya zamani huwa na namba ya daftari, na namba hiyo hufupisha kazi ya wiki nzima ikawa ya dakika kumi.

Niongeze tahadhari moja niliyoilipia kwa aibu. Mapadre wa Kifaransa walikuwa na desturi ya kuandika miezi kwa mkato: "7bre" ni Septemba, "8bre" ni Oktoba, "9bre" ni Novemba na "Xbre" ni Desemba, kufuatana na maana ya asili ya majina hayo kwa Kilatini, ambapo saba ni septem na nane ni octo. Zamani nikiwa kijana nilisoma "7bre" kuwa mwezi wa saba, nikaisaidia parokia moja kuandaa kijitabu kilichoweka kumbukumbu yao Julai. Kijitabu kilichapwa na kugawiwa, na sista mmoja mzee aliyesoma kwa Wafaransa ndiye aliyenivuta pembeni baada ya Misa na kunionyesha kosa. Tangu siku hiyo nikiona tarakimu mbele ya "bre" nasimama kwanza.

Kama daftari limepotea au limeliwa na mchwa, bado kuna milango. Misheni nyingi za Shirika la Roho Mtakatifu ziliandika shajara ya jumuiya, ambamo padre aliyetoka safari ya vijijini alieleza alilala wapi na alikuta wanafunzi wangapi. Nyaraka za shirika kutoka misheni zake zimehifadhiwa huko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Kwa kipindi chenu cha miaka ya 1930, eneo hili lilikuwa mikononi mwa Waspiritani (ndio hao wa Shirika la Roho Mtakatifu) Waholanzi, kwa hiyo msishangae mkikuta Kiholanzi mahali mlipotarajia Kifaransa. Pia sheria ya Kanisa iliyotumika tangu 1918 ilikataza kujenga kanisa bila ridhaa ya maandishi ya mkuu wa Kanisa katika eneo hilo. Vibanda vya nyasi vya vijijini aghalabu havikuandikiwa chochote, lakini jengo la kudumu la 1936 lina nafasi nzuri ya kuwa na barua yake. Mnapoitafuta kwenye hifadhi ya jimbo, kumbukeni yale majina niliyoyataja: barua ya 1936 itakuwa chini ya vikarieti ya Bagamoyo, na kwa sababu vikarieti hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Jimbo la Morogoro, huenda jalada liko Morogoro hata kama leo mnahesabiwa jimbo jingine.

Kuhusu wazee, wasikilizeni kabla ya kwenda kwenye makaratasi, ila msiwaulize mwaka. Mzee akiulizwa mwaka hutoa mwaka ili kukuridhisha. Muulizeni yule bibi baba yake alikuwa ameoa tayari alipobatizwa, nani alimsimamia, mwembe ulikuwa upande gani wa mto, kulikuwa na nzige au njaa, na nani alipiga kengele, na kama haikuwa kengele ilikuwa kipande cha reli au ngoma. Maswali hayo huleta vitu vinavyoweza kulinganishwa na daftari. Ulizeni pia jambo ambalo kamati nyingi husahau: je, kijiji kilikuwa hapohapo? Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 watu wengi waliacha makazi yao ya zamani. Inawezekana mwembe wa katekista uko kilometa kadhaa porini, na kanisa lenu la 1936 lilijengwa kwa ajili ya watu wa upande mmoja tu wa kigango cha leo, ilhali upande mwingine una mwanzo wake na katekista wake. Ikiwa ndivyo, mtakuwa na waanzilishi wawili, na ugomvi mnaouona kama wa kumbukumbu utakuwa kwa kweli ni wa vitongoji viwili.

Lakini kumbukumbu za midomo nazo zina mipaka. Pale Bagamoyo kuna mbuyu mkubwa wenye pingili chache za mnyororo zinazochungulia kutoka kwenye gome, sehemu iliyobaki ikiwa imemezwa na mti. Wageni wengi wakiuona hudhani mara moja ni mnyororo wa watumwa, na wengine wameondoka wakisimulia hivyo. Simulizi la misheni yenyewe ni la kawaida zaidi: mnyororo ulifungwa na Madame Chevalier, mama muuguzi aliyehudumia zahanati, ili amfunge punda wake. Mahali penye historia ya machungu, kila chuma hugeuka kuwa pingu. Vivyo hivyo katekista wenu anaweza kuwa amekua katika masimulizi, akapewa mambo yaliyofanywa na wawili watatu. Wapeni wazee uzito, na vilevile mpeni mwandishi wa kibao uzito, kisha acheni daftari liwapatanishe.

Sasa uamuzi. Mnaweza kuadhimisha miaka 90 ya jengo, mkasema wazi kwamba ni ya jengo, na katika Misa hiyohiyo mkawataja walioanza kusali kabla. Hii ndiyo njia ninayoipendelea, kwa kuwa haihitaji kusubiri utafiti uishe. Mnaweza kuahirisha mpaka mpate mwaka wa mwanzo wa jumuiya. Ni njia ya ukweli zaidi, lakini ina gharama, maana utafiti wa madaftari unaweza kuchukua mwaka na usilete mstari hata mmoja. Au mnaweza kuchagua mwaka wa mapema kwa kutegemea masimulizi peke yake. Hiyo siishauri, hata kama inawapendeza wazee, kwa sababu mwaka usio na karatasi ukishachongwa kwenye jiwe utageuka kuwa kibao kingine cha kubishaniwa, na wajukuu wenu wataniandikia mimi, au atakayekalia kiti changu, swali lilelile.

Kuhusu kubomoa, nakuomba ulipeleke neno hili kwenye kamati ya ujenzi kabla hawajakodi mafundi. Kanisa lililokwisha kuwekwa kwa ajili ya ibada haliondolewi matumizi yake kwa uamuzi wa kigango wala wa paroko. Ni askofu wa jimbo mwenye mamlaka hayo, tena baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Mbali na sheria, jengo lenyewe ni shahidi. Kibao kinaweza kuwa kimewekwa miaka mingi baada ya ujenzi. Likagueni jiwe lake kama limejengewa pamoja na ukuta au limechimbiwa baadaye, na hilo litaonekana kwenye chokaa inayolizunguka, ambayo itakuwa na rangi na chembe tofauti. Kengele nayo huwa na mwaka na jina la mfuaji kwenye ukingo, ila mwaka huo ni wa kengele, na kengele ziliazimwa na kuhamishwa kutoka kanisa moja hadi jingine. Pigeni picha za kila ukuta, pimeni, andikeni. Na ikiwa mtaamua kulitunza, msilipige plasta ya saruji: kuta za mawe au tofali zilizojengwa kwa udongo au chokaa hupumua unyevu, na saruji huufungia ndani mpaka ukuta ukaoza kutoka katikati huku uso wake ukionekana mpya.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Nendeni kwa paroko ana kwa ana na barua ya kuomba ruhusa ya kuyaona madaftari, mkikubali akae nanyi au amteue mtu, kwa sababu vitabu hivyo vina siri za familia, kama vile watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na havipaswi kupigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye kundi la kigango. Kwa kuta zenye nyufa mwiteni mhandisi, na kama jengo linaonekana kuwa la zamani kuliko 1936, waoneni pia maofisa wa Mambo ya Kale kabla jembe halijagusa msingi. Mkiwa Bagamoyo tena, ingieni kwenye makumbusho ya misheni na muombe kuonana na anayeyasimamia, badala ya kuridhika na maelezo ya njiani.

Vitenge vyenu navyo visisubiri. Chapeni jina la kigango, picha ya kanisa la zamani na maneno "Miaka 90 ya Kanisa Letu, 1936–2026", bila neno "lilianzishwa" na bila jina la mtu yeyote. Jina la padre libaki juu ya mlango lilipo. Jina la katekista, mkilikuta daftarini, liandikieni kibao chake na mkiweke chini ya mwembe, kama bado upo.